Siku Sitini na Tatu za Régine

Alhamisi, 13 Septemba 2012

Mbwa wangu Bijou amepandwa leo saa nne asubuhi. Dume ni Colonel wa Florent, yule fundi wa milango wa mtaa wa Himbi. Walishikana dakika kumi na nane. Walipoachana mvua ikaanza. Kwa Bijou leo ni siku ya sifuri.

Jumamosi, 22 Septemba

Zamu ya Régine. Dakika ishirini na mbili. Tutarudia keshokutwa, lakini hesabu yangu inaanza leo: siku ya 63 itakuwa tarehe 24 Novemba.

Niandike mambo yalivyo, maana nikichoka husahau. Régine ana miaka saba. Amebeba mimba tano. Tatu za kwanza zilifika, watoto kumi na saba, na wote niliwauza walinde paseli, yaani nyua, za watu wa mashirika ya ONG. Kila mara nilijisemea: uzao ujao nitabakiza jike moja. Mimba ya nne ikatoka siku ya 48. Ya tano ikatoka siku ya 51. Kwa hiyo sina binti yake hata mmoja. Bibi yake Régine nilimbeba mgongoni kama mutoto mwaka 2002, lava ya volkano ikitufuata, na shemeji zangu wakicheka kwamba Katungu ameacha masufuria ameokoa mbwa. Bijou ni wa kununua. Régine ndiye jike wa mwisho wa ukoo, na umri wake hautampa nafasi nyingine baada ya hii.

Florent alikuwa amesimama pale getini na mwavuli wake.

"Mama Mbwa, Colonel yangu haiyakosaka ata siku moja."

"Kupanda hajakosa. Mimi nahesabu wanaozaliwa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nimefungua daftari la zamani: tangu 2004 hadi 2009, mimba kumi na moja hapa kwangu, tisa zilifika. Tangu 2010, mimba saba, mbili tu. Na Colonel alikuja Goma mwaka gani? 2010. Ningekuwa na dume lingine la damu safi ningeachana naye, lakini lililobaki mjini ni mtoto wa Régine mwenyewe.

Jumatatu, 24 Septemba

Wamerudia. Mvua.

Jumatatu, 1 Oktoba

Mvua. Radio inasema njia ya Rutshuru bado iko mikononi mwa waasi. Machinjioni ng'ombe ni wachache.

Jumatatu, 8 Oktoba

Bijou siku ya 25, Régine siku ya 16.

Yule mama aliyekimbia kutoka Rutshuru, Nyiransengimana, ambaye tangu Julai nimemruhusu kulisha ng'ombe wake wanne nyuma ya paseli yangu hapa Lac Vert, alinipita na ndoo imefunikwa kwa majani. Ng'ombe wake mmoja ametupa mimba, ndama wa miezi sita tumboni. Alikuwa anatafuta mahali pa kumfukia.

Mbwa wangu wenye mimba nawalisha ndama wa tumboni, wabichi. Machinjioni wakikuta ng'ombe aliyechinjwa alikuwa na mimba, ndama wanamtupa, na mimi namchukua. Nyama laini, mifupa laini, damu nyingi. Hakuna aliyenifundisha, nilifikiri mwenyewe. Sasa hata wenzangu wa mbwa wananiiga.

Nikamwambia, "Nipe hiyo."

"Hapana, Mubyeyi." Ananiita hivyo, mzazi, ingawa tuko rika moja. "Hii tunafukiaka. Ng'ombe akizaa muzuri, ile kondo yake mbwa anakula, hakuna shida. Lakini hii ya kutupwa, hapana."

"Kwa sababu gani?"

"Njo vile tulikuta wazee banafanya."

"Nyama ni nyama, Mama. Na machinjioni hakuna kitu."

Akaniachia ndoo, hakuaga. Nampa maji ya tangi, nampa majani, na bado ana kiburi. Bijou amekula sehemu kubwa kwa kuwa mimba yake iko mbele. Régine kidogo.

Ijumaa, 19 Oktoba

Ng'ombe wa pili wa Nyiransengimana ametupa. Anasema ni mwendo, walitembea siku nne na bunduki za kalasha zinalia nyuma yao. Safari hii hakuleta ndoo, nilikwenda mwenyewe na kumtoa ndama shimoni kabla hajafunika udongo. Aliegemea jembe akaniangalia.

Jumatano, 24 Oktoba

Bijou siku ya 41, amenona, chuchu zimejaa. Nimelala vizuri leo mchana, jambo ambalo halijatokea tangu Agosti.

Jumamosi, 27 Oktoba

Siku ya 44. Bijou ametupa.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuta watano kwenye gunia, wa kijivu, hawajaota manyoya, na maji ya kahawia yenye harufu. Yeye mwenyewe hana homa, anakula, anatikisa mkia. Hilo ndilo linaloniudhi. Mama mgonjwa ningeelewa. Huyu anatikisa mkia.

Nimeosha sakafu kwa javeli, ile dawa ya madoa na vijidudu, mara tatu. Régine nimemhamishia chumba changu cha mbele. Nimempigia Mushagalusa, veterineri wa ng'ombe, Mushi kwa kabila, wa kule Bukavu, mutu wa maneno machache. Yule wa kwanza, wa mwaka jana, aliniuzia sindano za homoni na bado mimba ikatoka, kwa hiyo sitaki tena mwenye maneno mengi.

Jumapili, 28 Oktoba

Baada ya misa tulikuwa kwenye matanga ya baba yake Victoire, mwenzangu wa mbwa. Wenye mbwa wote walikuwepo, na Florent katikati yao na soda mkononi, akisimulia kwamba Colonel anaitwa hadi Sake.

Nikasimama. Nikasema mbele ya watu kama arobaini kwamba dume lile lina ugonjwa wa uzazi, kwamba limeniharibia mimba sita tangu 2010, na kwamba anayemwita Colonel anaita maiti nyumbani kwake.

Florent aliweka soda chini polepole.

"Mama Katungu, uko na uchungu, ninaelewa."

"Nina hesabu."

"Basi fanya hesabu mpaka mwisho. Tulikubaliana sawasawa na wote wa mji huu: mwenye dume anachagua mutoto wa kwanza. Régine akizaa, nitakuja kuchagua wangu. Mgonjwa ao si mgonjwa."

"Uje uchague shimoni."

Watu wakaangalia miguu yao. Mke wa Florent akachukua mkoba wake, wakaondoka kabla ya chakula. Watatu waliniambia hapo hapo kwamba hawatampeleka jike tena kwake. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumatano, 31 Oktoba

Régine siku ya 39. Mushagalusa amekuja kwa pikipiki, ametoa damu kwa Bijou na Régine, halafu akasema atapita kwa Florent kutoa ya Colonel.

"Atakubali?"

"Ameshanipigia yeye mwenyewe. Anataka jina la mbwa wake lisafishwe."

Mvua siku nzima.

Jumamosi, 3 Novemba

Régine siku ya 42. Nitajaribu kuandika kwa mpango.

Mushagalusa alikuja na sanduku la barafu. Juu ya meza yangu ya kulia akaweka kadi nyeupe yenye viduara vitatu. Kila kiduara, tone la maji ya damu ya mbwa mmoja na tone la dawa ya rangi ya waridi. Akaichezesha kadi mkononi dakika nne kwa saa, kama anayepepeta mchele.

La Colonel lilibaki laini. La Bijou liligandamana kama maziwa yaliyochacha. La Régine likatoa chembechembe, ndogo, lakini nilizihesabu.

"Colonel ni mzima," nikasema.

"Sikiliza vizuri, Mama. Ugonjwa wa mbwa kwa mbwa kadi hii haiuoni. Hii dawa ni ya ng'ombe. Inatambua ule wa ng'ombe tu, ule unaotupisha ndama. Ikigandamana kwa mbwa, maana yake mbwa ameupata kwa ng'ombe. Mbwa wako wanakula nini?"

Nikamwambia.

Hakuinua sauti. Alifunga kalamu yake, akaifungua tena.

"Ndama wa kutupwa ndiye nyumba yenyewe ya ugonjwa. Hakuna mahali ulipo mwingi kama pale. Hata yule wa machinjioni, huwezi kujua. Tangu lini?"

Nikafungua daftari. Mimi ninayeandika dakika walizoshikana, joto la mkunduni asubuhi na jioni, uzito wa kila mtoto. Nina safu ya dume, safu ya tarehe, safu ya mvua. Safu ya chakula sina. Ilibidi nikumbuke kwa kichwa ni lini yule mchinjaji alinipa ndama wa kwanza. Ilikuwa Januari 2010, wiki ya mazishi ya mume wangu, kwa sababu alinihurumia.

Mushagalusa akaandika, halafu akasema kuna dawa, doksisiklini, vidonge vinne kwa siku, siku ishirini na moja. Kwa jike mwenye mimba si dawa nzuri. Meno ya watoto yatatoka ya njano, mifupa labda italegea. "Na labda wamekwisha kufa ndani, sijui."

"Bila dawa?"

"Siku ya 48 unaijua kuliko mimi."

Nikasema ampe. Vidonge themanini na vinne, nimevihesabu mara mbili. Chakula chote kipikwe mpaka kichemke. Atakapozaa, nisiguse kitu kwa mikono mitupu, maana ugonjwa huu unapanda hadi kwa watu. Na yeye baada ya hapo asipandwe tena, hata akipona.

Akiwa anavaa koti la mvua akasema, "Nampigia Florent sasa, anasubiri."

"Niachie mimi, Dokta. Nitamwambia mwenyewe."

"Basi mwambie kesho."

Alipoondoka nilishuka nyuma kwa Nyiransengimana. Aibu nilipaswa kuipeleka Himbi, nikaishusha kule nyuma ya paseli. Nilimwambia ng'ombe wake wameniletea ugonjwa, awatoe leo. Alikuwa anakamua. Alimaliza chuchu ile, akasimama.

"Nilikuambia nifukie."

"Ulisema ni mambo ya wazee. Hukusema ni ugonjwa."

"Sikuwa najua ni ugonjwa. Nilijua tu kufukia."

Ameondoka saa kumi kuelekea kambi ya Mugunga, ng'ombe wanne mbele, godoro kichwani. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Jumapili, 4 Novemba

Siku ya 43. Sijaenda kwa Florent. Mvua.

Jumatano, 7 Novemba

Siku ya 46. Joto 38.6. Anakula ugali na ndagala wa kuchemsha, vidonge ndani. Sijaenda kwa Florent.

Ijumaa, 9 Novemba

Siku ya 48. Ameamka na tumbo lake.

Jumatatu, 12 Novemba

Siku ya 51. Sikutoka nje. Nilikaa naye sakafuni tangu asubuhi hadi mwanga ukaisha. Saa nane mchana kitu kilipiga teke chini ya kiganja changu, upande wa kushoto. Nikaacha mkono pale. Kikapiga tena.

Jumatano, 14 Novemba

Siku ya 53. Hajawahi kufika hapa tangu 2009.

Victoire amepita. Anasema Florent bado anasubiri jibu la Dokta na simu ya Dokta haipatikani, hana mteja hata mmoja, mke wake anamtaka amuue mbwa. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia Victoire ukweli. Nilimtengenezea chai.

Jumapili, 18 Novemba

Siku ya 57. Kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya imemwagika. Tangu mchana wanapita mbele ya geti langu kuelekea Mugunga: magodoro, mbuzi, wazee juu ya tshukudu za mbao zikisukumwa, mwanamke amebeba mlango mzima. Kule upande wa Munigi mabomu yanalia.

Mwanangu Benny amepiga simu kutoka Gisenyi. "Mama, vuka mpaka leo. Kesho watafunga."

"Régine hawezi kutembea kilomita kumi na tano akisukumwa na watu. Atatupa njiani."

"Mama, ni mbwa."

"Najua ni nini."

Amekata. Ana haki ya kukata.

Jumanne, 20 Novemba

Siku ya 59. Waasi wameingia mjini. Hakuna umeme, hakuna maji, duka la dawa limefungwa. Vidonge vimebaki kumi na sita. Vinatosha, kwa sababu nilihesabu.

Jioni ujumbe umeingia kwenye simu, kutoka kwa Florent. Hatujasemeshana tangu matanga. *Tuko wazima. Siwezi kuita Colonel barabarani siku hizi, maaskari wote wanageuka. Nimemushusha cheo, anaitwa Popi. Régine iko aje?*

Nikaandika: *Bado anabeba.* Nikatuma hayo tu.

Alhamisi, 22 Novemba

Siku ya 61. Wanapigana Sake. Sasa watu wanarudi kwa njia ile ile wakielekea mjini. Kati yao nilimwona Nyiransengimana, na ng'ombe wawili tu. Nilifungua geti nikasimama. Alisimama pia.

"Wawili wengine?"

"Wameliwa na askari."

"Wa upande gani?"

"Mubyeyi, ng'ombe akiliwa unauliza upande?"

Nikamwomba msamaha pale pale, barabarani, watu wakitupita na mizigo. Sikuupamba. Akasema ana kiu. Ng'ombe tumewafunga mbali, upande wa pili wa mawe, na yeye analala jikoni.

Jumamosi, 24 Novemba

Siku ya 63. Vidonge vimekwisha asubuhi. Joto 38.3 asubuhi, 38.1 jioni. Hakuna kitu. Nyiransengimana anasema ng'ombe pia hawasomi kalenda.

Jumapili, 25 Novemba

Saa moja asubuhi 37.1. Joto likishuka hivyo, kuzaa ni ndani ya saa ishirini na nne. Akaanza kuchana gunia, kutetemeka, kukataa chakula. Mushagalusa hapatikani, yuko upande wa Bukavu na njia imekatika. Aliniachia glavu jozi moja. Nilimpa Nyiransengimana azivae, hata hivyo nikamwambia asikaribie.

"Wewe utavaa nini?"

Nilivaa sashe za mkate, ile mifuko ya plastiki, mbili kila mkono, nimefunga kwa kamba za viatu.

"Unafanana na mtu anayekwenda kuiba asali," akasema.

Saa nne na dakika kumi, wa kwanza: dume, amekufa, lakini ameota manyoya. Saa nne na nusu, wa pili: amekufa. Nilimfunga kila mmoja kwenye gazeti bila kumwangalia mara ya pili. Nilijisemea kimoyomoyo, watano, watakuwa watano kama wa Bijou, na nikaanza kupanga shimo.

Saa tano kasoro kumi, wa tatu. Alitoka akiwa bado ndani ya mfuko wake mzima. Nikaupasua, nikamfuta mdomo, nikamsugua kwa taulo. Akalia. Sauti ndogo kama mlango usiotiwa mafuta. Dume, gramu 430.

Wa nne alitoka matako mbele na akakwama. Régine alisukuma robo saa, akaacha kusukuma, akaniangalia. Sashe zilikuwa zinateleza, sikuweza kushika. Nyiransengimana alipiga magoti bila kuniuliza, akaingiza vidole viwili vya glavu, akasubiri.

"Vuta," nikasema.

"Havutwi yeye peke yake. Mama yake akivuta, na mimi navuta."

Akangoja. Mimi nilikuwa nahesabu sekunde kwa sauti, akaniambia ninyamaze. Régine akajikaza, na mkono wa yule mama ukashuka kuelekea chini, si kuelekea kwake, na mtoto akaja. Hakupumua. Akamshika kichwa chini kati ya viganja viwili, akamtikisa mara moja, akamsugua mbavu kwa nyasi kavu kama anavyosugua ndama. Dakika mbili. Dakika tatu. Nilitaka kumwambia amwache.

Akapiga chafya.

Jike. Gramu 410.

Wa tano alikuwa amekufa zamani, mkavu kama ganda.

Kondo zote nimezichoma na magunia na sashe. Mikono tumeosha kwa javeli mpaka ikauma. Watano, wawili hai. Niliketi mlangoni nikataka kulia, lakini nilikuwa nimechoka mno, nikala viazi.

Jumatano, 28 Novemba

Siku ya tatu. Dume 520, jike 480. Wananyonya. Mvua.

Jumamosi, 1 Desemba

Waasi wametoka mjini. Watu wanapiga filimbi barabarani. Nimemtumia Florent ujumbe: *Amezaa. Njoo kesho.* Sikuandika zaidi, mengine si ya simu.

Jumapili, 2 Desemba

Alikuja baada ya misa, bila mwavuli, amekonda. Alitaka kupita moja kwa moja kwenda kwa mbwa. Nikamwambia akae kwanza.

Nilimwambia yote. Kadi, tone lake lililobaki laini, ndama wa machinjioni, ndama wa ndoo, yule niliyemtoa shimoni kwa mkono wangu. Nikamwambia kwamba nilijua tangu tarehe tatu Novemba.

Akahesabu kwa vidole. "Siku ishirini na tisa."

"Ishirini na tisa."

"Mke wangu alitia sumu kwenye nyama ya Colonel mara mbili. Mara mbili nilimwaga. Nililala na yule mbwa chumbani kama unavyolala na wako. Colonel yangu haikuwa mgonjwa."

"Hakuwa."

"Na ulisema mbele ya watu arobaini."

"Nilisema."

"Utasema tena? Mbele ya wale wale?"

"Jumapili ijayo, baada ya misa. Na wale walioniiga kwa ndama, nitaenda mlango kwa mlango. Ni nyumba tisa."

Akageukia dirisha. Nyiransengimana alipita na ndoo ya maji, akasalimia, Florent akajibu bila kugeuka.

"Haya. Nionyeshe."

Régine hakunguruma. Florent alipiga magoti, akamwinua dume, akaangalia tumbo lake, akamrudisha. Akamwinua jike. Alimshika muda mrefu kuliko alivyohitaji kumwangalia. Nilijua. Ningekuwa mimi ningechagua hivyo hivyo, dume analo.

Dokta amesema Régine hatapandwa tena. Huyo jike ndiye ukoo wote uliobaki. Neno hilo lilinifika kwenye meno, nikalishikilia pale.

"Huyu," akasema Florent.

"Ni wako."

"Huombi nikuachie?"

"Siombi."

Akamrudisha kwenye chuchu, akamsaidia kuishika. "Atabaki hapa mpaka siku ya hamsini na sita. Halafu namuchukua. Akikomaa, kama Mushagalusa anasema damu yake iko safi, nitamuleta azalie kwako, maana kuzalisha unajua. Utabakiza jike moja, na safari hii usiuze." Akasimama, akapangusa magoti. "Lakini chakula nitapika mimi, kwangu, na nitaleta na sufuria. Wewe hutagusa ata mwiko."

"Sitagusa."

"Ata chumvi, Mama Mbwa."

Ameondoka saa nane, kabla ya mvua. Nimempima jike. Siku ya saba, gramu 760, wa Florent.